Mwenye nguvu ni nani?

Wako wazazi wa Mji Mkongwe wanaochelea kuwapeleka vijana wao kwenye judo, mchezo ulioletwa Unguja na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, wasije wakawa wagomvi. Khofu yao tunaielewa. Lakini na tutazame kinachofundishwa: kijana hujifunza kuanguka kabla ya kuangusha, na mwenzake akipiga mkeka kwa kiganja, humwachia papo hapo, japo angeweza kumuumiza.

Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa mwenye nguvu si bingwa wa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika.

Basi, ewe mzazi, usimpime mwanao kwa rangi ya mkanda. Mpime nyumbani, mdogo wake anapomuudhi na hapana anayetazama: je, mkono wake huzuilika?

Wabillahi Tawfiq.