Seng'enge ya Gena Marvin

Jamani, sisi seng'enge tunaijua kama uzio tu. Gena Marvin, msanii kijana kutoka Magadan, Urusi, aliizungusha mwilini mwaka 2022, akatembea hivyo Moscow kupinga vita vya Ukraine. Mavazi yake anajitengenezea kwa utepe wa gundi na vitu vya kuokota (hapo tunamwelewa sana!). Chuo kilishamfukuza 2021 kwa kwenda kwenye maandamano. Mwishowe akakimbilia Ufaransa. Filamu ya Queendom inaonyesha yote.

Wenzetu wengine wanasema mavazi yale ni aibu. Sawa, ila sisi tunamheshimu. Na ninyi wa mashirika, mkimhoji kijana kama huyu, msimuulize kwa nini hakuvaa kawaida abaki kwao. Kwani sisi tulionyamaza tulibaki?