Pikapu mpya: punguzo halimfikii muuza ndizi

Muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili, Kisii, akiambiwa pikapu mpya imeshuka bei, na apige hesabu kwanza. Tuseme amepunguziwa shilingi 200,000 na bei ikawa 4,640,000. Ndani yake mna VAT ya asilimia 16, yaani 640,000.

Kampuni iliyosajiliwa, inayouza bidhaa zinazotozwa VAT, huzikata hizo 640,000 katika kodi inayoipelekea KRA. Muuza ndizi hawezi. Mazao mabichi ya shambani yamesamehewa VAT, na asiyemtoza mteja hana pa kukata. Msamaha uliokusudiwa kumfaa ndio unaomfunga. Punguzo la kweli, mara tatu ya lile la tangazo, analipata mwenye kampuni.

Na wala si Kisii pekee. Muuza maembe wa Kongowea yamkuta yayo hayo. Ndiyo maana wengi hungojea magari yaliyotumika Japani, yasiyozidi miaka minane, yakishushwa bandarini Mombasa. Au hukodi Probox na kuijaza mpaka nyuma ikae chini. Mswada wa Fedha huletwa bungeni kila mwaka. Pikapu ya kubebea mazao yastahili kifungu chake humo.