Mraba Usiotaja Jina

Ndugu malenga, mezani pangu pana kadi. Upande mmoja imeandikwa "Mshairi". Upande wa pili pana mraba wa vitone vyeusi, basi. Hapana jina, hapana mji, hapana namba. Kijana aliyenikabidhi, pamoja na nakala ya shairi alilokwisha kulighani, alitabasamu: "Skani tu, mwalimu wangu, kila kitu kimo humo." Miezi minane baadaye tulitaka idhini yake ili shairi liingie katika diwani ya pamoja. Nikaskani. Nikajibiwa kwamba kiungo kimekwisha muda wake. Shairi likaachwa nje, nalo lilikuwa bora kuliko langu lililoingia.

Nisisingiziwe uhasama na mitambo. Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari, na kwa kazi hiyo ni hodari: hata sehemu yake ikichafuka, bado husomeka. Kasoro imo katika kile tunachoutia. Mraba waweza kubeba jina, namba ya simu na barua pepe ndani yake wenyewe, ukasomeka hata pasipo intaneti. Lakini wengi hulipia ule unaobeba anwani ya tovuti ya kampuni tu, na maelezo yao hukaa huko ugenini. Ada ikikatika, nawe umekatika. Nimewasikia wanaouita "kodi ya QR", na nilipocheka sikujua kuwa wamepatia: ni kodi ya pango, na aliyepangishwa ni jina lako.

Na tangu lini mtunzi wa Kiswahili akajificha? Mwana Kupona, mwaka 1858, alijitaja mwishoni mwa utendi wake, akaitaja Pate, akaweka na tarehe ya Hijria. Hakuna aliyehitaji kulipa ada ili amjue. Waliotunga magazetini walitia jina, lakabu na sanduku la posta chini ya beti, nasi tukajibizana kwa anwani hizo. (Rafiki yangu wa miaka mingi nilimpata kwa barua iliyoanza kwa kunikosoa mizani.)

Watasema kadi ni ndogo. Kipande cha utendi kina mizani minane tu, na bado majina yalienea!

Chapeni mraba, sikatazi. Ila pembeni yake liandikwe jina, na lakabu ikiwapo, na mji, na namba ya simu, kwa herufi atakazozisoma hata bibi mwenye simu ya vitufe. Nawe kijana uliyenipa kadi ile, ikiwa wapita hapa: nakala ya shairi lako ningali nayo, na diwani ya pili inakusanywa. Niandikie, unijuze waitwa nani.