Land Rover Kuukuu na Haki ya Fundi Wake

SAFU YA MPAKANI
Na Yusufu Simbeye

Katika gereji moja ya mji huu wa Tunduma, isiyo mbali na barabara kuu ambamo hupita misafara ya magari yaliyotumika Japani yakielekea Zambia na Kongo, linauzwa Land Rover 109 la miaka ya sitini, lililovuliwa bodi yote, likaungwa chesisi, likatiwa injini ya dizeli ya Toyota, likarudishiwa rangi yake ya kijani. Na bei anayoitaja mwenyewe huwafanya wapita njia watikise vichwa, kwa kuwa kwa fedha hizo, wasema, mtu hupata gari dogo la Kijapani lenye umri wa mjukuu wa hili. Hukumu hiyo naikataa. Inahesabu miaka ya gari na kusahau kazi ya mikono.

Land Rover la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati Uingereza, iliyotoka vitani, ilikuwa bado inagawa chuma cha pua kwa kipimo. Na dhiki hiyo ndiyo iliyowalazimu waundaji kufanya bodi ya aluminiamu, madini yasiyoshika kutu, hata ikawa shida ya nchi moja ni neema kwa nchi nyingine nyingi. Huku kwetu lilitumikia serikali, polisi na misheni, likapita njia za Ileje na Momba ambazo wakati wa masika hazikustahili kuitwa njia. Na walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa batili Novemba 1965, Zambia ikabanwa upande wa kusini, mapipa yake ya mafuta yakalazimika kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia hapa Tunduma, katika vumbi na tope lililoua watu wengi hata barabara ikapewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikuja mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, lami nayo ikafika. Land Rover lilikuwa limetangulia yote hayo. Tena ni sadfa ya kupendeza kwamba Januari 2016, mwezi uliozaliwa mkoa wetu wa Songwe, ndio mwezi ambao kiwanda cha Solihull kilitoa Defender la mwisho la ukoo ule.

Watu hudhani kwamba kutia injini nyingine katika gari kuukuu ni kufungua nati hapa na kufunga nati pale. Laiti ingekuwa hivyo! Injini ya asili ya petroli, ya lita 2.25, ilikuwa na nguvu za farasi zisizofika 80, na kila kiungo kilichoifuata, klachi, giaboksi, difu na ekseli, kilipimwa kwa nguvu hizo. Basi fundi atiapo dizeli yenye msukumo mkubwa zaidi huwa amewatwisha wazee hao mzigo ambao hawakuumbwa kuubeba, na ekseli za nyuma, ambazo tangu zamani zilijulikana kwa kukatika, ndizo zitakazolia kwanza. Hana budi kuchonga bamba la kuunganisha injini na giaboksi, kwa sababu matundu ya boliti ya Mjapani hayakutani na ya Mwingereza; hana budi kuhamisha rejeta, kuchomelea vikalio vipya vya injini, na kuigonga chesisi yote kwa nyundo ndogo huku akisikiliza, maana chesisi, tofauti na bodi, ni ya chuma, na kutu huila kutoka ndani mahali jicho lisipofika. Kisha zije breki. Gari linaloweza sasa kukimbia kuliko walivyokusudia waundaji wake ni lazima lisimame upesi kuliko walivyokusudia, na aliyewahi kushuka mteremko wa Senjele nyuma ya lori lililoshiba mzigo hahitaji kuelezwa sababu. Fundi wa gari hili, kijana mwenye maneno machache na ustadi mwingi, ameziondoa breki za ngoma za magurudumu ya mbele akatia za diski, na ekseli za nyuma amezibadili kabla hazijamtaka afanye hivyo. Kazi ya namna hiyo ni maarifa, na maarifa yana thamani.

Wamarekani wamelielewa jambo hili zamani. Magari yao ya fahari, Pontiac GTO na Ford Mustang, yaliyotokea mwaka 1964, leo hufufuliwa na mafundi wao kwa injini mpya, breki mpya na usukani mwepesi, yakauzwa kwa bei inayozidi mbali ile ya dukani ya siku zile, na muuzaji mwema hukabidhi pamoja na ufunguo jalada la stakabadhi na picha za kila hatua ya kazi. Sisi fahari tunayo, na mamia ya Land Rover yaliyokusanyika Arusha Oktoba 2024 ni ushahidi. Jalada ndilo hatuna.

Kwa hiyo nisemapo kwamba bei ya gari hili ni halali, nasema kwa sharti. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, nayo yapo magari yanayotembea na kadi inayotaja injini iliyokwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu; mnunuzi wake, asimamishwapo barabarani au afikapo forodhani akitaka kuvuka kwenda Nakonde, hujibu kosa asilolitenda. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghashi, hata kama rangi inang'aa na injini inaitika kwa mara ya kwanza. Muuzaji aisahihishe kadi kabla ya kupokea senti, aandike kilichobadilishwa na kilichoachwa, ataje hata mahali chesisi ilipoungwa. Na katika hati ya mauzo, chini ya majina ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi, uwekwe mstari mmoja zaidi wa jina la fundi na sahihi yake, ili mnunuzi amjue wa kumwuliza, na fundi ajulikane kwa kazi yake.