Sukari Tuliyojinyima Ni ya Nani?

Kila Kwaresima wengi wetu tunaacha sukari, soda na bia. Ni jambo jema. Lakini siku hizi tunasikia pia: "Naacha ugali na wali, kitambi kipungue." Hiyo ni dayati, si mfungo.

Sheria ya Kanisa inawataka waamini wa miaka 18 hadi 59 wafunge siku 2 tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mengine tunajichagulia wenyewe, na hapo ndipo nia inapopimwa. Aristotle alifundisha kwamba fadhila ya kiasi hujengwa kwa mazoea. Basi siku 40 za kujizuia zikifuatwa na kreti za bia Jumatatu ya Pasaka, hatukujenga kitu; tuliahirisha kiu tu.

Sisi waseminari tuna sababu ya ziada. Mahindi tunayokula huchangwa na waamini wa jumuiya ndogondogo, na baadhi yao hula mlo mmoja kwa siku. Kwao kukosa ugali si uamuzi. Tukiacha sukari, kilo ile imfikie mgonjwa au mjane jirani yetu. Isipomfikia, tumebana matumizi, hatujafunga.