Kijana wa Itigi Hakukosea

Juma lililopita kijana mmoja kutoka Itigi aliniletea kompyuta mpakato yake ofisini. Alikuwa amenakili, herufi kwa herufi, amri iliyomo katika maelezo niliyoligawia darasa: source venv/bin/activate. Kompyuta ikamjibu kwamba haiitambui. Kabla ya hapo aliandika python3, likafunguka duka la programu kana kwamba alikwenda kununua. Akaniuliza, kwa adabu iliyoniumiza: «Mwalimu, nibadilishe kozi?»

Ndugu wasomaji, kijana hakukosea. Amri ile ni ya Linux na Mac. Katika Windows folda huitwa Scripts, wala si bin. Mkwaju hulalia upande wa pili. Na neno source halina kazi. Mimi ndiye niliyemkabidhi ufunguo wa nyumba nyingine.

Kwamba mafunzo mengi ya programu huipendelea Linux na Mac, sioni la kubishania. Seva nyingi duniani huendeshwa kwa Linux, na mwandishi wa San Francisco huandika kwa kuitazama mashine iliyo mezani pake. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi wahadhiri tunaoyachukua maelezo yake, tukabadili jina la kozi juu ya ukurasa, tukayagawa Singida, ambako darasani kwangu sijapata kuona Mac hata moja.

Wapo wenzangu wasemao: wanafunzi wahamie Linux, ni ya bure. Bure kwa nani? Faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, na mwanafunzi huyu hupima bando lake kwa MB. Tena kompyuta yenyewe ni ya kaka yake, mtumishi wa halmashauri, na imejaa kazi za ofisi. Zikifutika, atakayeulizwa si mhadhiri.

Kinachonikera zaidi ni kwamba njia tulikwisha kuijua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wale walianza na mtumiaji wa hapa, ndipo wakaigeukia mashine. Nimewauliza wanafunzi wangu: hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Na wangelisikia kwa nani, kama si kwetu?

Linux lazima wajifunze. Atakayeajiriwa kusimamia seva hataikwepa. Lakini ifundishwe kama somo, isitegwe mlangoni kama mtego. Ninachodai ni kwamba zoezi lisigawiwe kabla mhadhiri hajalijaribu kwenye kompyuta ya aina aliyonayo mwanafunzi wake, na pale amri zinapotofautiana, zote mbili ziandikwe.

Maelezo yangu ya juma la kwanza nimeyaandika upya. Yamenichukua jioni moja. Kijana wa Itigi ndiye aliyeyajaribu kwanza, akanisahihisha mahali pawili.