AFYA YA MTOTO: Jua Tele, Mifupa Laini

Ndugu msomaji, yumkini wewe ni mmoja wa wafanyakazi wa mijini ambao kila mwisho wa mwaka hufunga safari ndefu kwenda Kagera kuwaona wazee. Ukifika Kayanga, au ukiendelea mpaka Nkwenda na Murongo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huoni dalili ya upungufu wowote. Migomba imefunika vilima, na jua ni lile la Ikweta, kwani mahali hapo ni nyuzi kama moja na nusu tu kusini yake. Ukiambiwa kwamba mtoto wa huko, au mwanao aliyeko Manzese, aweza kupata matege kwa kukosa vitamini inayotokana na jua, huenda ukacheka. Usicheke.

Vitamini D haifanani na nyingine. Chakula hutupatia kidogo: samaki wenye mafuta, kiini cha yai, maini. Sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi yenyewe inapopigwa na mionzi ya jua, kisha ini na figo huikamilisha. Kazi yake kubwa ni kuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa yaufanyayo mfupa kuwa mgumu. Ikikosekana, mfupa wa mtoto hurefuka bila kukomaa, nao hupinda chini ya uzito wa mwili mfano wa udongo mbichi.

Kwamba jua letu latosha, hilo halina ubishi. Mwaka 2012 wataalamu kutoka Uholanzi walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya watu wazima 60 wa hapa Tanzania, Wamasai na Wahadzabe waishio maisha ya asili. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa 115, kwa kipimo ambacho 50 huhesabiwa kuwa yatosha na chini ya 30 ni upungufu. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe, lakini watu hao hushinda nje mchana kutwa.

Taabu huanza pale mtoto anapofungiwa ndani. Katika jiji la Addis Ababa, ambalo limeinuka zaidi ya mita 2,300 na halikosi jua, waganga walichunguza watoto 500 waliolazwa kwa homa ya mapafu na wengine 500 wasio na ugonjwa huo. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Katika kundi la wagonjwa, 210 walikuwa na matege. Katika kundi la pili, 20 tu. Mbavu laini haziwezi kuinua kifua sawasawa, na mtoto mwenye kifua cha namna hiyo hushindwa kupumua mapema. Kwa hiyo tusiyachukulie matege kuwa ni kasoro ya umbo tu. Yaweza kuandamana na kifo.

Mama wa milimani, akihofia baridi ya asubuhi, humfunika mtoto gubigubi na kumlaza ndani. Mama wa mjini hana baridi ya kuhofia, lakini huondoka alfajiri kwenda kazini, akamwachia yaya mtoto pamoja na onyo kwamba asitoke nje, maana nje kuna magari na watu asiowajua. Mtoto hushinda katika chumba kimoja tangu Jumatatu hata Ijumaa. Wala dirisha halisaidii: kioo huzuia mionzi inayotakiwa. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote usio na mfano, yana vitamini D kidogo mno. Mama ambaye mwenyewe hakuliona jua wakati wa ujauzito humzaa mtoto asiye na akiba.

Hapa niseme neno juu ya ile nasaha ya kuota "jua la asubuhi". Jua la mapambazuko hupasha mwili joto, lakini miale yake hupita hewani kwa kulala sana, na ile mionzi itengenezayo vitamini huishia njiani. Tena saa zetu hutudanganya. Karagwe iko magharibi sana, hivyo jua huchomoza huko takriban nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Tazama kivuli chako badala ya saa. Kikiwa kirefu kuliko wewe, faida ni ndogo; kikifupika kuliko kimo chako, yaani kuanzia saa nne hivi kule Karagwe, ngozi inafanya kazi. Mtoto mchanga hahitaji kuunguzwa: muda mfupi, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa kikikingwa, mara kadhaa kwa juma. Mtoto mwenye ualbino asiingizwe katika nasaha hii kabisa; jua ni adui wa ngozi yake, na vitamini yake aitafute kwa mganga.

Lakini jua ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo chunguni. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya matibabu ya watoto 123 wa Nigeria wenye matege, watoto wasiokosa jua. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D tupu. Mifupa yao ilikuwa na njaa ya chokaa. Sasa tazama sahani yetu: kilo nzima ya ndizi haina hata miligramu 100 za kalsiamu, ilhali wataalamu walikubaliana mwaka 2016 kwamba mtoto apataye chini ya 300 kwa siku yumo hatarini. Maharage huongeza kidogo. Kikombe cha maziwa chatoa zaidi ya 250, na dagaa wakavu, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, ni hazina: gramu 100 zina zaidi ya 1,000. Ajabu ya mambo ni kwamba Karagwe ilisifika kwa maziwa. Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliwakuta mabibi wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa hadi wasiweze kusimama kwa unene. Leo maziwa ya ng'ombe wa kijijini mara nyingi hupanda baiskeli kwenda sokoni kabla mtoto hajaamka.

Ewe mzazi, mkague mwanao. Utosi uchelewao kufunga, meno yasiyoota kwa wakati, vifundo vya mikono vilivyovimba, kutotembea baada ya mwaka mmoja na nusu. Degedege pasipo homa ni jambo la kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo. Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida. Kukizidi baada ya hapo si kawaida. Na usimsahau kijana aliyebalehe, kwa kuwa mwili wake hurefuka kwa kasi ya pili baada ya ile ya uchanga. Akilalamika kwamba miguu yauma au ngazi zamshinda, tusimwite mvivu kabla hajapimwa. Shule, masomo ya ziada na simu vimemweka kivulini kutwa nzima.

Si kila matege hutokana na haya. Kando ya Mlima Meru, huko Arumeru, maji yenye floridi nyingi hupindua mifupa ya watoto, na huko dawa ni kubadili maji. Ndiyo maana usinunue matone ya vitamini dukani kwa kukisia. Yakizidi, kalsiamu hujaa katika damu na kudhuru figo. Mganga atapima damu, atapiga picha ya kifundo cha mkono, kisha ataamua. Kwa kawaida mtoto wa chini ya mwaka mmoja huhitaji vizio 400 kwa siku kujikinga, na mkubwa 600. Mgonjwa hupewa zaidi ya hapo, pamoja na kalsiamu, kwa majuma 12 au zaidi. Akianzishiwa mapema, miguu yake aghalabu hunyooka yenyewe kadiri anavyokua, bila kisu.